UZI: "Akikua atajivuta" – magonjwa ya mtoto mnene kupitiliza yanayofichwa na shingo nyeusi, kukoroma, goti na kichwa

Tabibu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, shkamooni mnaostahili.

Mimi ni tabibu, nakaa kliniki ya watoto kwenye hospitali moja hapa Dar. Siyo bingwa, ila watoto napokea wengi na kuna kundi linaongezeka ambalo kulielezea kwa wazazi kunanipa shida sana. Siongelei mtoto mwenye mashavu yake na kitambi cha uji, hapana. Naongelea mtoto wa miaka kumi ana kilo sabini na kitu, binti wa kidato cha pili kapita mia. Unene uliopitiliza. Na mzazi hajamleta kwa sababu ya unene, kamleta kwa sababu goti linauma, au mwalimu kalalamika mtoto analala darasani, au kichwa hakiishi, na wewe ukigusa tu habari ya uzito unaambiwa "dokta huo ndo mwili wetu, ukoo mzima tuko hivi, akikua atajivuta". Atajivuta lini sasa wakati ugonjwa ushaingia na ana miaka kumi na moja?

Nianze na shingo maana ndo inanichekeshaga na kuniumiza kwa pamoja. Mtoto ana weusi mzito nyuma ya shingo, kwapani, mara nyingine kwenye vikunjo vya viwiko, ngozi imekuwa nene hivi kama velveti. Nyumbani ashasuguliwa na dodoki na limao na magadi mpaka kachubuka, anaambiwa mchafu huogi vizuri. Ule siyo uchafu jamani. Ni insulini imezidi mwilini, kongosho linatoa nyingi kwa sababu mwili hausikii tena ile ya kawaida, na ile nyingi inaifanya ngozi iote haraka. Hautoki kwa sabuni. Ukiuona kwa mtoto mnene maana yake kapime sukari, siyo kanunue skrabu.

Pili kukoroma. Watu wanasema "mtoto kachoka, anakoroma raha". Mtoto mnene anayekoroma kila siku, kuna muda anakaa kimya sekunde kadhaa halafu anashtuka kama kakabwa, huyo pumzi inakatika. Mafuta yamezunguka koo, na kama ana mafindofindo makubwa au nyama za puani ndo balaa, njia ya hewa inajifunga kama mpira wa maji uliokanyagwa. Usiku mzima oksijeni inapanda na kushuka, asubuhi anaamka kichwa kinauma, shuleni anasinzia au anakuwa mtundu asiyetulia, matokeo yanashuka, na wengine wanaanza kukojoa kitandani wakati walishaacha. Hapo anachapwa kwa kukojoa na anachapwa kwa kufeli, vyote vinatoka kooni. Ikienda miaka moyo upande wa kulia unaanza kuzidiwa.

Tatu goti, na hapa naomba msome taratibu. Mtoto mnene wa miaka kama kumi mpaka kumi na sita anayelalamika goti au paja na anachechemea, MPIGE PICHA YA NYONGA. Sio goti peke yake. Kichwa cha fupa la paja kinakuwa kinateleza pale kwenye sehemu ya kukua, na kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita nyongani unafika mpaka gotini, mtoto anaonyesha goti. Anapigwa picha ya goti, iko safi, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apake, wiki zinaenda. Matibabu yake ni kukiwekea skrubu kisiendelee kuteleza, na ukichelewa damu inaweza kukatika kile kichwa kikafa, hapo unaongelea mtoto mwenye nyonga ya mzee. Na upande wa pili nao unaweza kufuata.

Kuna na matege. Miguu ikipinda kwa mtoto mnene usikimbilie kusema ni kalsiamu au aote jua, kuna aina inatokana na uzito kukandamiza goti upande wa ndani mfupa ukashindwa kukua sawa, inawapata zaidi watoto weusi na walioanza kutembea mapema.

Nikiendelea nitaandika kitabu. Presha, mafuta kwenye ini, mawe kwenye nyongo, mabinti hedhi kupotea na ndevu kuota, wavulana kuota matiti mpaka wanakataa kuvua shati kwenye mpira. Ulizeni nitajibu nikipata nafasi.

---

Kisiki Mbichi

Mkuu mleta mada unatisha watu. Sisi tumekula ugali na mihogo na tulikuwa vibonge na leo tuko fiti. Watoto wa siku hizi mnawapeleka hospitali kwa kila kitu.

---

Mama Pacha

@Kisiki Mbichi wewe ulienda shule kwa mguu na ukirudi unachota maji. Wangu anachukuliwa na basi saa kumi na moja alfajiri anarudi saa kumi na moja jioni, homwek, tableti, kulala. Kwenye begi amebeba juisi ya boksi na soseji. Usifananishe.

Tabibu asante, hiyo ya shingo umenipiga mimi moja kwa moja. Mwanangu ana miaka 12 nimemsugua mpaka nimekata tamaa, dada wa kazi nae anamsema. Hiyo sukari unapima wapi na inatakiwa iwe ngapi?

---

Tabibu wa Zamu

@Mama Pacha hospitali yoyote yenye maabara dada yangu. Apime asubuhi hajala kitu, ikiwa 7.0 na kuendelea ni ya kisukari, kati ya 5.6 na 6.9 yuko mlangoni. Kuna na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, 6.5% kwenda juu ni kisukari. Kama hana dalili hakitangazwi kwa kipimo kimoja, kinarudiwa. Waombe wapime na ini na mafuta ya damu humohumo, achomwe sindano mara moja.

Halafu presha. Hili wengi hata sisi wa hospitali tunalipita. Mkono wake ukiwa mnene akavalishwa kile kitambaa kidogo, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Akivalishwa kikubwa mno inasoma chini. Mwambie nesi kwa heshima, "naomba cha kumtosha". Na presha ya mtoto haisomwi kwa 140/90 ya mtu mzima, mpaka anafika kama miaka 13 inaangaliwa kwa umri, jinsia na urefu wake. Mtoto wa miaka saba mwenye 125 juu ukimwambia mzazi ni presha anakuona umechanganyikiwa.

@Kisiki Mbichi mkuu sikatai ukoo, nitalirudia. Ila kisukari hiki cha ukubwani kikimpata mtoto kinakimbia kuliko kikimpata baba yake. Wamarekani waliwafuatilia vijana walioanza nacho wakiwa watoto, utafiti unaitwa TODAY, majibu yalitoka 2021. Wamefika miaka 26 hivi kwa wastani, miaka kama 13 tangu wagundulike, na 60% walishapata angalau tatizo moja la mishipa midogo, yaani figo au macho au neva. Presha walikuwa nayo 67.5%. Miaka 26 mkuu. Umri wa kutafuta mchumba huo.

---

Chipsi Kavu

Nakaa siti ya mbele na popkoni zangu 😂 ila bila sukari

---

Bint Malindi

Huku Mombasa ndio usiseme. Mtoto akitoka madrasa jioni ni viazi karai, bhajia, kachri, juisi ya ukwaju ya sukari tele, kisha nyumbani akute wali wa nazi. Na mtoto akiwa mwembamba mamake atasemwa hamlishi. Shangazi zangu wakija wanamuangalia mtoto mashavu kwanza ndio wamsalimu mama.

Swali langu ni la binti yangu, miaka 15, hedhi ilianza akiwa na tisa na sasa hupotea miezi mitatu minne, chunusi, na kidevuni ananyoa kwa siri. Nilidhani ni jicho la watu. Nimemsomea sana.

---

Tabibu wa Zamu

Msomee dada usiache, na hospitali mpeleke pia. Unene unaweza kuvunjisha ungo mapema, na ile insulini nyingi niliyoitaja kwenye shingo inazisukuma ovari zitoe homoni za kiume zaidi, mayai yanashindwa kukomaa na kutoka, hedhi inapotea, ndevu zinakuja. Wadada wanaiita PCOS. Inatibika kwa maana ya kudhibitiwa, na hata akipungua kiasi, siyo lazima awe mwembamba, hedhi mara nyingi hurudi. Sema naye kwanza kabla ya daktari maana binti anayenyoa kidevu kwa siri ana mzigo mkubwa kuliko huo wa kilo.

---

Mzee wa Kariakoo

Hii serikali nayo. Mtoto akifika miaka mitano kadi ya kliniki inawekwa kabatini, nani anampima tena? Mpaka akaombe kujiunga jeshi.

---

Tabibu wa Zamu

Mzee wangu hapo umegonga. Kadi ile imetengenezwa kumkamata mtoto aliyekonda, na haki yake, nchi yetu udumavu bado ni kama watoto 30 kwa kila 100 chini ya miaka mitano kwa utafiti wa 2022. Mstari ukipanda nesi anafurahi na mama anapongezwa, ukipanda kupitiliza bado anapongezwa. Halafu kati ya miaka mitano na kidato cha nne hakuna mtu anayemuweka kwenye mizani isipokuwa akiumwa. Unene wenyewe unaingia kwenye miaka hiyohiyo.

Septemba 2025 UNICEF walitoa ripoti kwamba duniani kwa mara ya kwanza watoto wa miaka 5 mpaka 19 wenye unene uliopitiliza (9.4%) wamewazidi wenye uzito pungufu (9.2%). Walisema Afrika yetu ya kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafika huko. Kwa hiyo kuna watakaosema siyo tatizo letu. Waje Jumatatu asubuhi wakae na mimi kwenye benchi.

---

Fundi Umeme Tabata

Tabibu nisaidie haraka. Kijana wangu wa miaka 13, kilo 92, wiki ya tatu anachechemea mguu wa kushoto, anasema goti. Tulienda zahanati wakampiga picha ya goti wakasema hamna kitu, tukapewa dawa ya kuchua. Nimesoma uzi wako nikamuangalia, akilala chali ule mguu unageukia nje wenyewe. Ni kawaida?

---

Tabibu wa Zamu

Mkuu hapana. Acha kuchua. Asiende shule kwa mguu, asicheze, asipande ngazi, kama una magongo yatumie au mbebeni. Leo hiihii mpeleke hospitali yenye daktari wa mifupa, mwambie "naomba eksirei ya nyonga zote mbili, ya mbele na ile ya miguu imetanuliwa kama chura". Kama ghafla hawezi kukanyaga kabisa hiyo ni dharura, usisubiri foleni ya kawaida. Sijamuona kwa hiyo siwezi kusema ndiyo yenyewe, ila kwa ulivyoeleza mimi ningekuwa baba yake nisingelala nyumbani.

---

Swahiba wa Maskati

Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi nipo Oman, wazee wetu wametoka Unguja. Huku Ghuba hili jambo tumeanza kuliona zamani kuliko nyinyi, hela ilipokuja gari ikaja na mpishi akaja na jua la huku mtoto hatoki nje mchana. Sasa watu wanakata matumbo ya watoto. Riyadh kuna daktari bingwa, Aayed Alqahtani, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2012 habari za watoto na vijana 108 waliopunguzwa tumbo, mdogo kabisa miaka mitano. Mtoto wa ndugu yangu nae kafanyiwa ana miaka 17, kapungua mashallah, lakini nywele zilimtoka na damu ikashuka, anakunywa vidonge vya vitamini kila siku na vidonge vyenyewe anavichoka. Wallahi si jambo la kukimbilia.

---

Boda Msomi

Kuna hizi sindano za kina Ozempic nazo wanachoma watoto? Na puto lile wanalowekewa watu tumboni wapungue, la hospitali ya Mloganzila?

---

Tabibu wa Zamu

@Swahiba wa Maskati wa alaykum salaam, umesema ukweli kamili. Marekani waliwafuatilia vijana waliopasuliwa, baada ya miaka mitatu uzito ulishuka kama 27% na kati ya waliokuwa na kisukari 95% kilitulia, hayo ni matokeo makubwa sana. Lakini zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa akiba ya madini chuma. Ni kazi ya maisha yote, siyo operesheni ukaondoka.

@Boda Msomi, sindano ya semaglutaidi (ndo dawa iliyomo kwenye Ozempic) Marekani iliruhusiwa Desemba 2022 kwa wa miaka 12 kuendelea wenye unene uliopitiliza, kwenye utafiti wao BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilishuka kama 16% kwa wiki 68. Ukiacha uzito unarudi kwa wengi. Na bei yake unaijua. Puto nalijua kama huduma ya watu wazima, mtoto usimpeleke kwa sababu umeona tangazo. Kubwa kuliko yote, msinunue za Instagramu, wala zile chai za kupunguza tumbo, mtoto anaharishwa mnafikiri anapungua.

Tena afadhali umeniletea hii. Kuna dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula inauzwa duka la dawa bila cheti, mama anaona mtoto hali, anapewa miezi na miezi. Na vidonge vya steroidi vya pumu na ngozi ambavyo watu wanajinunulia tu, vinamfanya mtoto aumuke uso na kusimama urefu. Hapo ndo narudi kwenye ukoo.

Mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida ni mrefu kwa umri wake. Ukiona mtoto ni mnene na MFUPI, urefu umesimama, hapo siyo chipsi, tafuta homoni za tezi ya shingo, tafuta steroidi. Na kuna wachache sana ambao kweli ni vinasaba. Mwaka 1997 kule Cambridge Uingereza Stephen O'Rahilly na wenzake, akiwemo Sadaf Farooqi, walieleza mabinamu wawili, familia yenye asili ya Pakistani, binti wa miaka minane kilo 86 na mvulana wa miaka miwili kilo 29. Walizaliwa wa kawaida. Njaa yao haikuwa na mwisho. Ikagundulika miili yao haitengenezi leptini, ile homoni inayotoka kwenye mafuta kwenda kuuambia ubongo tumeshiba. Binti akaanza kuchomwa leptini, kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16.4 na akaanza kula kama mtoto mwingine. Fikiria miaka yote hiyo watu walimwita mlafi na wazazi wakaambiwa hawana adabu ya kulea.

Hao ni nadra mno. Kwa hiyo "ukoo wetu" mara nyingi ni kweli na siyo kweli, vinasaba vinampa mtoto mwelekeo, lakini babu yenu alikuwa na vinasaba hivyohivyo na hakuwa na kilo 110 akiwa kidato cha pili.

---

Kisiki Mbichi

Hapo nimekuelewa kidogo. Ila moyo mnasingizia, mtoto hapati mshtuko wa moyo.

---

Tabibu wa Zamu

Hapati akiwa mtoto mkuu, mara chache mno. Ila kuna mji mdogo Louisiana unaitwa Bogalusa, daktari Gerald Berenson aliwafuatilia watoto wa pale tangu miaka ya 1970. Mwaka 1998 walichapisha uchunguzi wa maiti 204 za watoto na vijana, wa miaka 2 mpaka 39, wengi wao wamekufa kwa ajali na mambo kama hayo, siyo moyo. Mishipa yao wakaikuta imeshaanza kushika mafuta, na kadiri mtu alivyokuwa na mengi, uzito, presha, kolesteroli, sigara, ndivyo mafuta yalivyotapakaa. Mshtuko wa moyo wa miaka 45 ulianza kuandaliwa shule ya msingi.

---

Mdogo wake Asha

Mi niwe mkweli niliwahi kuwa huyo mtoto. Sekondari nilikuwa na kilo 118. Mnachosahau wakubwa wote humu ni majina. Tipwatipwa, Tembo, Lori. Mwalimu wa michezo ananiita Lori mbele ya darasa na watu wanacheka na mimi nacheka. Nikirudi nakula nimejifungia. Kila ndugu akija nyumbani ana ushauri, halafu ananipakulia. Kichwa kiliniuma miezi, nikiinama nasikia kama upepo masikioni, nikaanza kuona vitu viwili viwili. Wakasema simu, wengine mapepo. Ni daktari wa macho aliyemulika ndani ndo akasema mshipa wa jicho umevimba nipelekwe haraka.

---

Tabibu wa Zamu

Pole sana mdogo wangu, na asante kuandika. Wakuu hicho alichoeleza ni presha ya maji yanayozunguka ubongo, inawapata sana mabinti wanene, na ikiachwa inaua macho moja kwa moja. Kichwa cha kila siku pamoja na macho kuona ukungu, usimpe panadoli wiki nne. Daktari wa macho.

Na hayo majina. Mtoto anayetaniwa haondoki kwenye chakula, anaenda kula kwa siri. Anaacha michezo kwa sababu ya sare ya michezo, siyo kwa uvivu.

---

Fundi Umeme Tabata

Mrejesho. Ni nyonga kweli, kushoto, wamesema imeteleza kidogo. Amelazwa, kesho asubuhi anawekewa skrubu. Daktari kasema asikanyage kabisa mpaka hapo. Tabibu Mungu akubariki.

---

Mama Pacha

Alhamdulillah kwa kijana. Sisi sukari ya kufunga 6.1 na vipimo vya ini vimepanda kidogo. Nimelia kwenye gari kisha nikajifuta. Sasa naanzia wapi, nimfungishe? Kuna dayati ya siku saba nimetumiwa kwenye grupu.

---

Tabibu wa Zamu

Usimfungishe na futa hiyo dayati. Anakua bado, mara nyingi kwa umri wake tunatafuta kwanza uzito usimame wakati urefu unaendelea, na hapo tayari BMI inashuka. Kwa aliyezidi sana atapungua polepole chini ya uangalizi.

Anza na vya kunywa. Soda, juisi za boksi, enaji, chai ya vijiko vinne, yote yatoke NYUMBANI KWA WOTE, siyo kwake tu huku pacha wenzie wanakunywa mbele yake. Chupa moja ya nusu lita ya soda ina sukari kama gramu 50 na kitu. Kwenye begi maji, na ndizi au yai badala ya soseji. Wali na ugali ubaki ila sahani ibadilike, mboga na maharage vijae kwanza. Usingizi, aliyelala masaa sita njaa yake kesho ni nyingine. Simu isilale naye. Na kutembea, hata kama ni kushuka kwenye basi kituo kimoja kabla mkatembea wote.

Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2023 wanasema familia ipate angalau saa 26 za kukaa na wataalamu ndani ya miezi mitatu mpaka kumi na mbili ndo inaleta mabadiliko. Sisi hatuna hizo saa, mimi mwenyewe nakupa dakika nane na nje kuna foleni. Kwa hiyo omba tarehe ya kurudi kila mwezi, hata kama ni kupimwa na nesi tu, na ini lirudiwe baada ya miezi mitatu hivi.

Kitu kimoja cha haraka, akianza kiu isiyoisha, kukojoa sana na KUPUNGUA ghafla, msishangilie amepungua. Njooni siku hiyohiyo, hata usiku. Na mnene anaweza kupata kile kisukari kingine cha utotoni kinachohitaji insulini, wengine wanafika wanapumua kwa shida na kutapika mkadhani ni malaria.

---

Chipsi Kavu

Mimi nauza chipsi nje ya shule jamani, uzi huu unaua biashara 😂 Tabibu niuze nini sasa?

---

Tabibu wa Zamu

Mahindi ya kuchoma, matikiti, machungwa ya kumenya, karanga za kufunga. Na chipsi uza Ijumaa tu, mimi mwenyewe nitakuja.